Wale Kumi na Mmoja wa Toleo la Zamani

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kabla hujauliza: tuko wazima, mama ni mzima, paka tu ndiye ana jicho bovu. Mama amehamia chumba cha mbele ili aone nani anapita barabarani. Anakusalimu, na anasema kaka mtu hata simu hapokei. Nimemweleza tena kwamba mashine za karakanani zimekuharibu masikio, kwamba simu unaisikia kama nyuki kwenye chupa, ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana kwenye karatasi. Ameguna.

Sasa nina jambo linanisumbua. Unaikumbuka ile programu niliyoiandika nikiwa chuoni, likizo ile niliyoshinda karakanani kwako? Ile inayochukua vipimo vya kigutu cha mgonjwa na kuielekeza mashine ichonge kalibu ya kikombe cha mguu wa bandia, pale kigutu kinapoingia. Imekua kuliko nilivyotegemea. Karakana nyingi za miguu zinaitumia bure, na watu wengine wanaitumia kwa mambo ambayo sikuyawaza, soli za viatu, vikalio vya viti.

Shida ni kwamba lugha ya kompyuta niliyoitumia ina toleo la zamani na toleo jipya, na hayo mawili hayaelewani vizuri. Waliotengeneza lugha yenyewe walishaacha kulitunza la zamani miaka mingi. Sisi bado tunalihudumia, maana yake kila tunachoandika tunakijaribu mara mbili, na kila kinachoharibika kinaharibika mara mbili. Kamati inataka tuache. Wanaotumia la zamani wamebaki kumi na mmoja. Tunachokiona ni kompyuta kumi na moja tu zinazokuja kuchukua marekebisho. Ni za nani hatujui. Tumetoa tangazo mara tatu, kimya.

Wewe halikuhusu, maana kompyuta niliyokutumia mwaka juzi inatumia toleo jipya. Ila nataka maoni ya mtu wa kazi. Mtu unamwacha lini?

Halafu mwezi uliopita tulitoa marekebisho makubwa. Sasa programu inalainisha umbo vizuri zaidi, kikombe hakitakuwa na matuta. Utaniambia umeyaonaje.

Mpwa wako


3 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imefika imelowa pembe moja lakini maneno yote yapo. Pole kwa paka. Mwambie mama yako kwamba kaka mtu yupo, anakula, analala, na nywele zilizobaki amezichana.

Hapa kazi inaendelea. Daktari wa viungo ameletewa kitanda kipya, anakitunza kama mtoto. Kompyuta uliyonitumia iko salama kabisa, haina hata mkwaruzo.

Kuhusu hao kumi na mmoja. Mkiwaacha, nini kinatokea? Wanaamka asubuhi wanakuta imekufa, au inaendelea polepole kama mtu aliyestaafu? Nauliza kwa kutaka kujua tu. Na hiyo kamati ni watu gani? Wamewahi kushika kitu kinachochongwa, au wao ni wa kubonyeza tu? Sisemi vibaya. Nimejaribu kuwapiga picha kichwani na sipati sura.

Kuna mama mmoja anakuja kwangu, fundi wa kupaka rangi nyumba. Wote tunamwita Mama Rangi. Mguu wake wa kulia uliishia chini ya goti. Kazi yake ni ya ngazi, kwa hiyo kikombe lazima kimkae sawasawa. Nilimtengenezea kipya mwezi uliopita, akaondoka nacho anacheka. Baada ya siku nne amerudi, anasema kinambana. Nimempima upya, vipimo ni vilevile. Sijaelewa.

Jambo lingine ambalo halihusiani kabisa. Bibi yako, mama yetu, alianza kusahausahau akiwa na miaka mingapi? Muulize mama yako, lakini usimwambie kwamba swali ni langu.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimemuuliza mama. Kwanza amesema sabini, halafu sitini na nane, halafu akasema bibi hakuwahi kusahau ila alikuwa hataki kukumbuka. Halafu akaniuliza nani anataka kujua. Nimemwambia ni mimi, na sasa ananiangalia kwa wasiwasi kila ninapotafuta funguo.

Kwa nini unauliza?

Kuhusu tukiwaacha: hawafi. Programu waliyonayo inaendelea kufanya kazi kama ilivyo, ila haitarekebishwa tena. Kikitokea kitu wanabaki nacho peke yao. Ndiyo maana sijui niite nini. Kufukuza siyo. Kuwaweka pia siyo.

Kamati imekaa tena. Mmoja anasema tuache leo, watu wanachoka. Mmoja anasema tusiache kamwe, kwamba mtu mmoja akiumia ni wengi. Wa tatu anabadilika kila siku, asubuhi yuko huku na jioni yuko kule. Tumekaa hivyo wiki tatu. Juzi nilifungua dirisha nikasimama tu, nikasahau kwa nini nimelifungua. Pengine mama ana haki ya kuniangalia.

Pole na Mama Rangi. Labda kigutu kimevimba? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mguu wa asubuhi siyo wa jioni. Wewe hukosei vipimo, hilo najua.

Hukuniambia marekebisho ya Januari umeyaonaje.

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara mbili nikaichana.

Marekebisho ni mazuri. Kalibu inatoka laini kama yai.

Mama Rangi amepata kidonda. Nilimtengenezea kikombe cha pili, nikampima mara tatu kwa mkono wangu, nikaandika kila namba kwa wino. Kikambana vilevile chini, na safari hii alivumilia kwa sababu alikuwa na nyumba ya kumaliza, hadi ngozi ikapasuka. Sasa yuko kwenye magongo. Daktari wa viungo amemkataza kuvaa mguu kwa wiki tano. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kusema.

Na siyo yeye peke yake. Kuna mzee wa duka la baiskeli, kuna binti wa shule ya ufundi. Wote chini pamebana. Miaka thelathini na moja nafanya kazi hii, nimepima vigutu sijui elfu ngapi, na sasa natazama tepu naona namba, naiandika, halafu ninachotengeneza ni kitu kingine. Sijui katikati panatokea nini. Nimepima meza yangu ya kazi asubuhi na jioni nione kama nitapata namba mbili tofauti. Nimepata moja. Basi kosa liko wapi?

Nimewaambia wagonjwa watatu waende mji wa pili. Nimesema mashine ina matengenezo.

Kamati imefikia wapi?

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Sikumwonyesha mama. Nimeelewa sasa kwa nini uliuliza habari za bibi, na nimekasirika kwamba sikuelewa Machi. Umefanya kazi bila kupumzika tangu mimi sijazaliwa. Mtu yeyote anachoka macho. Njoo ukae na sisi miezi miwili, chumba cha nyuma kiko wazi. Ukapimwe macho, na hayo mengine kama yapo. Nasema haya na sijui kama nakusaidia au nakusukuma. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza.

Kamati imeamua. Mwisho wa Juni tunaacha toleo la zamani. Nilidhani nitalala vizuri. Mbona silali.

Nijibu mapema.

Mpwa wako


18 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Asante kwa chumba cha nyuma. Nitakujibu hilo.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine imefungwa. Ni ya mwenyekiti wa kamati yenu. Tafadhali mpelekee, na usiifungue wewe. Sitaki waseme fulani amebebwa kwa sababu mpwa wake yuko ndani. Niliyoyaandika humo nayaandika kama fundi.

Mjomba wako


Bahasha ya ndani, tarehe hiyohiyo

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Programu ya Kuchonga Kalibu.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu kutoka karakana ya miguu. Mimi ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Kompyuta inayoendesha mashine yetu ya kuchonga ni ya zamani sana, tunaiita Kobe, na haiwezi kupokea toleo jipya la lugha. Karakana ililetewa kompyuta mpya na mtu anayetupenda, lakini tundu la waya wa mashine ni la kizamani na kompyuta mpya haina tundu la namna hiyo. Kwa hiyo mpya iko kwenye sanduku lake juu ya kabati, na aliyeileta hajaambiwa, kwa sababu aliileta kwa furaha. Matangazo yenu hatukuyaona. Kobe huja kuchukua marekebisho yenyewe kila Jumatatu, hakuna anayesoma.

Tangu Januari wagonjwa watatu wameumizwa na vikombe vyetu. Nilidhani ni mikono yangu. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja, fundi wa rangi, alikuja kukaa karakanani kwa sababu nyumbani anachoka kutazama ukuta. Akaniambia: "Fundi, mbona kila siku unanipima mimi?"

Nikamwambia: "Nataka nijue nilikosea wapi."

"Mimi nimeshapimwa vya kutosha. Pima hicho ulichokichonga."

Sikuwahi kufanya hivyo. Miaka yote kilichoingia ndicho kilichotoka. Alichukua tepu mwenyewe, akaizungusha kwenye kalibu ikiwa bado kwenye mashine, akanisomea namba kwa sauti na mimi nikashika karatasi yangu. Juu niliandika milimita 382, tukapata 382. Katikati niliandika 341, tukapata 337. Chini niliandika 296, tukapata 290. Tukachonga nyingine. Ikatoka hivyohivyo.

Kwa hiyo nauliza swali moja, na naomba jibu la kweli. Je, mlishaanza kutuacha bila kutangaza? Kama mlituacha Januari semeni, sitagomba. Nataka tu kujua kama ninaweza kuendelea kushika tepu.

Wako,
Fundi Mkuu


11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua ya mwenyekiti imemfikia mwenyekiti. Nimeifungua, kwa sababu mwenyekiti ni mimi. Katibu pia ni mimi. Yule anayesema tuache leo, yule anayesema tusiache kamwe, na yule anayebadilika asubuhi na jioni, wote ni mimi. Tulikuwa watatu kweli. Mmoja alipata kazi nyingine mwaka juzi akaacha kujibu. Mwingine alijifungua mapacha, akaniandikia kwamba atarudi wakilala. Niliendelea kuandika "sisi" kwenye matangazo kwa sababu watu wangeogopa kutegemea kitu cha mtu mmoja. Halafu nikaendelea kukuandikia wewe hivyo. Sina sababu nzuri ya hilo. Nafikiri ukisema kamati unajisikia una watu nyumbani.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Siku ya kwanza niliangalia namba zako nikaona kosa kabla sijamaliza kunywa chai. Siku zilizobaki sikuwa natafuta kosa.

Naomba nikueleze, na unisome polepole.

Katika toleo jipya la lugha, ukigawa saba kwa mbili unapata tatu na nusu, kama watu wengine wote duniani. Katika toleo la zamani, ukiipa namba kamili inakupa tatu. Nusu inaitupa, haikuambii. Nilipoandika ule ulainishaji wa Januari, niliagiza programu ichukue vipimo viwili jirani na kutafuta katikati yake. Inapita hivyo mara kumi na mbili kwenye kalibu nzima. Kwenye toleo jipya umbo linalainika. Kwenye la zamani kila inapopita inadondosha nusu hapa na nusu pale, na chini ndiko zinakodondoka nyingi. Milimita sita, Mjomba. Uliandika 296, nikakupa 290.

Kila ninachoandika huwa nakijaribu kwenye matoleo yote mawili. Ndivyo nilivyokuambia, na huwa ni kweli. Lakini Januari nilijaribu kwenye jipya tu. Ilikuwa Jumapili, nimetoka kwenye kazi yangu ya wiki, mama alikuwa na homa, nikasema la zamani nitaliangalia kesho. Kesho yake sikuliangalia.

Umeuliza kama tulishaanza kuwaacha bila kutangaza. Jibu ni ndiyo. Hakuna aliyeamua. Nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu kama ni haki kuwaacha, kumbe mwenzako nilishawaacha miezi mitano.

Mikono yako haina kitu. Macho yako hayana kitu. Mimi ndiye niliyekuandikia upumzike.

Nimesharekebisha. Jumatatu hii Kobe atachukua. Usiniamini, pima kinachotoka.

Sijui Mama Rangi nimwambie nini. Nimeandika karatasi ya kumpelekea, nimeichana. Tafadhali mwambie jina la kosa ni langu.

Mpwa wako


29 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

Nilikasirika. Halafu nikafurahi, kwa sababu sijazeeka. Halafu nikaona aibu kufurahi, maana mtu ana kidonda. Halafu nikakasirika tena, safari hii kwa ajili ya "sisi". Miezi yote hiyo nilikuwa nawagombeza hao wanakamati kila ninapoosha uso. Mmoja nilimpa hata kitambi. Sasa nimegundua niliyekuwa namgombeza ni mtoto wa dada yangu, amekaa peke yake na mama mwenye homa. Sijui hasira yangu niipeleke wapi, nimeiacha tu hapa.

Na mimi nina langu. Nilikuandikia kompyuta haina hata mkwaruzo. Itapataje mkwaruzo kwenye sanduku. Ningekuambia ule mwaka wa kwanza, ungenihesabu miongoni mwa hao kumi na mmoja, na Januari ungejaribu. Najua hutakubali, lakini ndivyo ninavyoliona, kwa hiyo tugawane. Na hapa usidondoshe nusu.

Jumatatu Kobe alichukua. Tulichonga kalibu nne. Tumepima zote, mimi na Mama Rangi. 296 imetoka 296. Yeye alishusha pumzi, mimi nikaenda nje kidogo.

Nilimsomea barua yako, sehemu ya kosa. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kibao, anapaka rangi ukuta wetu wa chini, maana hawezi kukaa bure na hawezi kupanda ngazi. Akasema: "Huyo mwanao analala saa ngapi?"

Nikasema sijui, na ni mpwa.

"Mwambie mimi nikichoka napaka ukuta ambao nimeshaupaka. Mwenye nyumba ndiye anayeniambia. Yeye hana wa kumwambia?"

Hakusema amekusamehe, na mimi sikumwomba aseme. Kidonda kimefunga upande mmoja.

Sasa lile swali lako la Februari, mtu unamwacha lini. Ulitaka maoni ya mtu wa kazi, nikakupa maswali. Ukweli ni kwamba sijui vizuri, lakini nakueleza tunachofanya hapa. Mtu akipata mguu mpya simnyang'anyi wa zamani siku hiyo. Anaondoka na yote miwili. Ule wa zamani unakaa chini ya kitanda, anauvaa akioga, anauvaa pia ule mpya ukimchosha. Mimi namwambia, mikanda yake nitakukazia hadi mwezi fulani, baada ya hapo siukazi. Na huo mwezi namtajia macho kwa macho, nihakikishe amenisikia. Wapo niliowaacha mapema. Kuna mzee mmoja aliniletea mguu wake mara saba, nikamkatalia mara ya nane, na baadaye nikasikia anatembea na ule mbovu kwa waya. Wapo pia niliowakazia mikanda miaka kumi na ningekuwa mwema zaidi ningekataa, maana walikaa kwenye mguu mbaya kwa sababu mimi nilikuwa karibu. Sijawahi kujua nani ni nani kabla.

Lakini kitu kimoja najua. Ukishasema utakaza, kaza. Kukaza nusu ndiyo kunaumiza watu.

Mweleze mama yako kila kitu. Atakugombeza, itakusaidia.

Mjomba wako


24 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mama amenigombeza. Alinigombeza kuanzia chakula hadi habari za saa mbili, halafu akaniuliza hao mapacha ni wa kike au wa kiume. Sikujua. Akasema, "Unaona." Kwa hiyo nimemwandikia mama yao, baada ya mwaka mzima. Ni wa kike. Hajarudi kazini, lakini amesema atakuwa ananisomea ninachoandika kabla sijakitoa. Nusu saa kwa wiki. Hiyo nusu naichukua.

Nilifanya ulivyosema, macho kwa macho, kwa kadiri kompyuta inavyoweza. Badala ya tangazo, nimeweka ujumbe unaotokea kwenye kioo kila mtu wa toleo la zamani anapowasha programu, na hauondoki hadi abonyeze kwamba amesoma. Umeandikwa: ninaitunza programu hii peke yangu, marekebisho ya Januari yalikuwa na kosa, pima kila ulichochonga tangu wakati huo, na niandikie wewe ni nani.

Saba wamejibu, pamoja na wewe. Kuna mchonga soli ambaye alidhani wateja wake wamenenepa miguu. Kuna karakana mbili za miguu, na moja kati ya hizo ilikuwa imemsimamisha kazi fundi wake. Niliposoma hilo nilizima kompyuta nikaenda kutembea. Wamemrudisha. Kuna mtu ambaye hatumii kabisa, kompyuta yake iko stoo inajiwasha yenyewe kila Jumatatu na hakuna aliyekuwa anajua, hadi alipoingia kuchukua ufagio akaukuta ujumbe kwenye kioo. Wanne hawajajibu bado, na sijui kama ni watu au ni stoo.

Ule mwisho wa Juni nimeufuta, nimetaja mwezi mwingine. Mwisho wa Novemba. Unaweza kuniuliza kwa nini Novemba na siyo Oktoba, na sina jibu litakalomridhisha mtu. Hadi siku hiyo nakaza mikanda, yote, na mchonga soli amekubali kuwa ananijaribia kwenye kompyuta yake ya zamani. Baada ya hapo sikazi. Karakana moja imeshasema haitaweza kuhama, haina njia. Nimewaachia programu ikiwa nzima, na karatasi ya kueleza wapime nini kila wiki. Naona kama nimefanya sawa. Kesho nitaona sivyo.

Fundi wa redio wa huko kwenu anaweza kutengeneza waya wa kubadilisha tundu. Nimemchorea, mchoro uko humu. Ukikwama niandikie mimi, siyo kamati.

Mpwa wako


2 Desemba

Mpwa wangu, marahaba.

Tuko wazima. Daktari wa viungo ameanza kukilalia mwenyewe kile kitanda mchana, anasema anakijaribu. Mama yako alinipigia simu, nikapokea, hatukusikilizana, tukacheka wote wawili, tukakata.

Waya wa fundi wa redio ulikataa mara mbili, mara ya tatu ukakubali. Kompyuta mpya imechonga kalibu zote tangu katikati ya Oktoba. Inafanya haraka, na mimi bado sijaizoea, kila inapomaliza nadhani imeacha kazi njiani. Nilimwacha Kobe akiwa amewashwa pembeni kwa wiki sita, nikichonga kitu namwingizia na yeye namba nione angesema nini. Walikubaliana kila mara. Sijui nilitaka wasikubaliane wapi.

Mama Rangi anapanda ngazi tangu Septemba. Kigutu kina kovu la ukubwa wa kucha ambalo halitatoka. Anasema hali ya hewa ikibadilika linamwambia.

Jumapili ilikuwa tarehe thelathini. Jana asubuhi Kobe aliwaka, akaenda kuchukua marekebisho kama kawaida yake, akarudi mikono mitupu. Nikakaa naye kidogo. Halafu nikabonyeza azime, na wewe unajua anavyochukua muda. Nikasimama pale mikono mfukoni.

Mama Rangi alikuwa amekuja kukaziwa skrubu moja. Akaniuliza: "Fundi, unangoja nini hapo?"

Nikamwambia: "Nangoja izime."

Akachungulia kioo, akanitazama mimi.

"Imezima kitambo," akasema.

Mjomba wako